Fleti ya Upanga: vyombo vya mama mkwe na picha za kwenye simu

Wateja ni mke na mume walio kwenye miaka ya thelathini, wana mtoto mmoja anayeanza kutambaa. Fleti yao ina vyumba viwili vya kulala na iko ghorofa ya pili, Upanga, kwenye jengo la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baba wa mume alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia humo kama mpangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia majengo yaliyotaifishwa, miaka michache baada ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Miaka mingi baadaye familia ikainunua. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mama amehamia Mbezi kwa binti yake, akawaachia vijana nyumba na kila kilichomo.

Niliitwa kazi ikiwa imeshaanza. Maboksi ya vigae yalikuwa yamepangwa ukumbini, fundi wa alumini ameshapima madirisha, na vyombo vyote vya zamani vimesukumwa barazani, vimefunikwa turubai, vinamsubiri mtu yeyote mwenye mkokoteni. Mke akanionyesha picha kwenye simu yake: sebule zenye kabati refu la chini la mbao ya kahawia, viti vya mikono vyenye miguu myembamba iliyotanuka kidogo kwa nje, taa ya kusimama, ukuta mmoja wa rangi ya haradali. Ni ule mtindo wa katikati ya karne ya 20 ambao Denmark uliongozwa na wabunifu wa samani kama Hans Wegner na Finn Juhl, na Marekani na Charles na Ray Eames, kuanzia miaka ya mwisho ya 1940 hadi ya 1960. Alikuwa na orodha kamili ya kuagiza: viti vya plastiki vilivyoigwa kutoka kwa akina Eames, sofa ya kijani, meza ndogo ya duara. Bajeti yote ya sebule ilikuwa inaishia kwenye orodha hiyo.

Nikaomba tufunue turubai. Chini yake kulikuwa na viti vinne vya mikono vya mbao, miguu yake imetanuka kwa nje vilevile kama ya kwenye simu. Kulikuwa na shokesi ya vioo, meza ya jikoni ya fomaika ya kijani yenye miguu ya chuma, stuli iliyopakwa rangi ya bluu, na redio kubwa ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, yenye kitambaa mbele.

Msimamo niliowaeleza siku ile ndio ninaoutetea hapa: anayeupenda mtindo huu akiwa Dar es Salaam aanze na jengo analoishi na vyombo vya wazee wake, kisha ndipo aende dukani. Miaka hiyo ya akina Wegner ndiyo miaka mji huu ulipojengwa kwa kasi. Anthony Almeida alikuwa akisanifu majengo ya kisasa hapa tangu miaka ya 1950. Beda Amuli alilisanifu Soko la Kariakoo, lile la miavuli ya zege, likafunguliwa 1975. Maseremala wa mjini nao walikuwa wakitengeneza viti vya mitindo ya wakati huo kwa mninga na mvule. Yule dada alikuwa anataka kuagiza kwa meli kitu kilichokuwa barazani kwake.

Sakafu na madirisha

Sakafu ilikuwa ya terazo, imefunikwa na nta iliyogeuka nyeusi kiasi kwamba mume, aliyezaliwa humo ndani, alidhani ni saruji tu. Terazo ni vipande vya marumaru vinavyochanganywa na saruji, vikamwagwa, vikaachwa vikauke, halafu uso wote ukasagwa mpaka mawe yatokeze. Ni sakafu baridi chini ya unyayo, haina mianya ya kuhifadhi uchafu, na inaweza kusagwa upya zaidi ya mara moja. Kuiwekea vigae juu kungepandisha sakafu na kulazimisha kila mlango ukatwe chini.

Jambo la kwanza lilikuwa kumwomba binti wa kazi aache kuisugua kwa dawa ya chooni. Asidi inakula marumaru na saruji pamoja. Hata siki na limau, vinavyosifiwa sana kwa usafi, huacha madoa yaliyofifia ambayo hayatoki kwa kufuta. Tukajaribu pembe moja nyuma ya mlango kwa mashine ya sahani za almasi, kwa maji, kuanzia sahani ya kukwaruza hadi laini. Vilipoonekana vipande vyeupe na vyekundu ndani ya saruji ya kijivu, mume alipiga magoti akapapasa sakafu kwa kiganja. Hatukuhitaji mjadala zaidi. Vigae ambavyo maboksi yake hayakufunguliwa vilirudishwa dukani na vilivyobaki vikaenda bafuni.

Madirisha yalitugawa. Yalikuwa ya luva, vioo vyembamba vinavyogeuka kwa pamoja, na mume alitaka alumini ya kusukuma. Hoja zake zilikuwa za kweli: vumbi, mbu, kelele za barabarani, na kiyoyozi kisichoweza kufanya kazi chumba kikivuja hewa. Upande wangu nilikuwa na hoja moja tu, lakini ni nzito kwa mji huu. Dirisha la kusukuma hufungua nusu ya nafasi yake, kwa sababu kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine. Luva hufungua karibu nafasi yote. Jengo lile limepangwa ili upepo uingie upande mmoja utokee mwingine, kaskazi na kusi, na ukuta wa matofali ya matundu barazani ni sehemu ya mpango huohuo. (Fundi alikuwa ameshauri matundu yale yazibwe ili wapate stoo. Nilipinga kwa nguvu zangu zote.) Sebule ingekosa upepo, wangewasha kiyoyozi kutwa nzima, na kila chombo cha mbao kingelipia, kama nitakavyoeleza.

Tulifika katikati. Vyumba vya kulala vilipata alumini na kiyoyozi, na sebule ikabaki na luva zake, zikabadilishwa vioo vilivyovunjika na kuwekewa wavu wa mbu kwenye fremu inayotoka kwa ajili ya kufuliwa. Kwa vyumba vya kulala nadhani mume alikuwa sahihi, maana mtoto anahitaji kulala.

Kupindua kiti

Kwa vyombo nilimleta fundi seremala kutoka Keko, mtu mzima aliyejifunza kazi kabla mbao za unga, zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hazijaenea mjini. Hakuanza kwa kutazama uso wa kiti. Alikipindua. Chini ya kiti ndiko mbao isikopakwa kitu, na ndiko fundi wa kwanza alikoacha ukweli wake. Akakwangua kidogo kwa patasi, akanusa.

“Dada, hii ni mninga tupu,” akamwambia mke. “Mti mkubwa. Ukija kwangu leo unitake mninga mkavu wa upana huu, nitakuambia subiri, na bei utaikimbia.”

Akaonyesha viungo: ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu la mbao, na pini ya mti imepigwa katikati, hakuna msumari. Skrubu chache zilizokuwepo zilikuwa za mfereji mmoja, si zile za nyota. Skrubu peke yake haithibitishi umri, kwa sababu mtu anaweza kuibadilisha, ila ikienda pamoja na viungo vya namna ile na weusi wa mbao upande wa chini, picha inakamilika. Dakika hizi tano za kukipindua kiti namshauri kila anayenunua chombo cha zamani asizikose, awe kwenye mnada, kwa dalali, au kwa mtu anayehama. Uso hupakwa rangi ukadanganya, lakini ni wachache wanaojisumbua kudanganya chini ya kiti.

Ubovu ulikuwepo. Mikanda ya mpira iliyokuwa inabeba mito ilikuwa imekauka na kukatika zamani, mahali pake pakapigiliwa vipande vya plaiwudi. Mito ya awali ilikuwa ya usufi, imeganda mabonge. Mgongo wa shokesi ulikuwa umeliwa na mchwa, ingawa fremu yake, ya mvule, ilikuwa nzima.

Fundi na mimi hatukukubaliana kwenye kumalizia. Yeye alitaka mashine ya msasa kwa kila kitu, rangi nyekundu ya mkangazi, halafu vanishi ya kung'aa, kwa sababu ndivyo wateja wake wengi wanavyotaka. Nilimwomba aende taratibu. Vanishi ya zamani tuliikwangua kwa vipande vya kioo, njia aliyoijua tangu ujana wake na akafurahi kuirudia, kisha msasa wa mkono namba 120, 180 na 240, kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono kadhaa miembamba, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke. Mninga ukipata mafuta hutoa michirizi ya dhahabu na kahawia ambayo vanishi nzito huifukia. Faida nyingine ni ya matunzo: kiti cha mafuta kikichubuka unapaka pale pale palipochubuka, wakati cha vanishi lazima ukikwangue chote. Matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe na kushika moto. Yatandazwe nje yakauke au yazamishwe kwenye ndoo ya maji.

Stuli ya bluu tuliiondoa nyumbani kabisa. Rangi za mafuta za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi la msasa wake ni sumu, hasa kwa mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Hakuna uzuri unaolipa hilo.

Mikanda mipya fundi aliikata kutoka kwenye mipira ya ndani ya matairi, akaivuta kwa nguvu sawa na kuipigilia kwa misumari ya kichwa kipana. Inabeba vizuri sana. Juu yake sponji ngumu, si ile laini ya bei nafuu inayobonyea ndani ya mwaka. Kwa kitambaa, mke alitaka ngozi ya bandia ya rangi ya chungwa. Nilimwonyesha kochi la jirani yake: ngozi ya bandia kwenye joto na unyevu wa Dar huanza kunata, halafu hubambuka magamba. Tukachukua kitambaa kizito cha pamba cha rangi ya haradali, na mito midogo ya kitenge ambacho alikuwa nacho sandukuni tangu harusi.

Mama

Haya yote yalikuwa mepesi kulinganisha na Jumapili mama mkwe alipokuja. Viti vilikuwa vimerudi kutoka Keko, bado havijakwanguliwa wala havina mito, vimepangwa barazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu.” Akavitazama kimya, halafu akamgeukia mkwewe. “Hivi mmevirudisha vya nini? Mume wako ana kazi nzuri. Wageni watasema hatuna uwezo.”

“Mama, siku hizi ndivyo vinavyotafutwa.”

“Wanaovitafuta hawakuvikalia.”

Tukamkalisha, akaletewa chai, na taratibu akaeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, maduka yalikuwa matupu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Mikanda ya viti ilipokatika hapakuwa na mpira wa kununua, ndipo mzee akapigilia plaiwudi. Kitambaa kilipochanika mama alikifunika kwa khanga kuukuu, kisha kwa gunia, na juu ya gunia akaweka vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa sindano ili mgeni asione kilichopo chini. Alipopata makochi makubwa miaka ya 1990 aliviingiza viti vile chumba cha nyuma, akashukuru Mungu. Kwake yeye kile tulichokiita mtindo kilikuwa ni miaka ya kuaibika mbele ya wageni.

Kwenye kazi za aina hii, hapa ndipo pa kutulia kuliko kwenye mbao na rangi. Picha za Ulaya na Marekani hutoka mahali ambapo vyombo hivi vilikuwa alama ya neema: Vita Kuu ya Pili imekwisha, mishahara imepanda, kila familia inanunua kabati jipya. Kwetu chombo hichohicho kilipitia njia nyingine. Kilinunuliwa kwa matumaini ya uhuru, kikavumilia uhaba, kikafichwa. Kijana akikitoa kifichoni na kukifanya pambo bila kumuuliza aliyekikalia, amechukua maisha ya mtu akayaning'iniza ukutani. Mke wa nyumba ile ni mtu mwenye moyo mzuri na hakuwa amelifikiria hilo. Wengi hatulifikirii.

Nikamwomba mama atuongoze yeye: kipi kibaki, kipi kiondoke, kipi kisiguswe. Akaamua haraka kuliko sisi sote. Shokesi iondoke. Ilikuwa na vyombo vya wageni ambavyo miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kulia, na hakutaka kuiona tena. Meza ya fomaika ibaki, hiyo alikatia mboga na kusomeshea watoto. Viti vitatu tufanye tupendavyo.

“Lakini kile cha pembeni, chenye alama za sigara mkononi, msikikwangue. Hicho cha mzee.”

Kwa hiyo seti ina viti vitatu vya mninga vilivyotakaswa na kimoja cheusi, chenye mkono uliolika pale kiganja kilipokaa na alama mbili za moto. Mpiga picha wa majarida angekiondoa kwenye fremu. Kwa maoni yangu ndicho kinachoifanya sebule ile iwe ya watu wale na si ya mwingine yeyote, na ningefurahi kuona nyumba nyingi zaidi zenye kiti cha namna hiyo.

Vitambaa vya kufuma navyo vikarudi, kwenye migongo ya viti tu. Mke alikuwa na wasiwasi kwamba vitaharibu mwonekano. Vina kazi: vinazuia mafuta ya nywele na jasho kuingia kwenye kitambaa cha haradali, na vinafulika kila wiki.

Walichonunua

Viti vya plastiki vilifutwa kwenye orodha, sofa pia. Kitu kikubwa walichonunua kilikuwa kabati refu la chini, la vinia ya mtiki, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inahama Masaki. Ni la Ulaya, na miguu yake ni ile ile aliyoiota. Nililikubali kwa masharti. Vinia ni ganda jembamba, mara nyingi halifiki milimita moja, kwa hiyo mashine ya msasa isilikaribie kamwe. Na mbao hupumua kufuata hewa iliyopo: ndani ya nyumba za Ulaya zinazopashwa joto hubaki na unyevu wa karibu asilimia 8, wakati hewa ya Dar huipandisha hadi asilimia 14 na zaidi. Ndiyo maana droo zilizoteleza vizuri huko huja kukwama hapa masika. Mtu akizipiga randa siku ileile zinapokwama, kiangazi zitacheza. Tuliziacha zitulie misimu, tukapaka tu nta ya mshumaa kwenye reli zake. Kiyoyozi hufanya kinyume chake, hukausha mbao na kuipasua, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya sebule kubaki na luva.

Dalali mmoja aliwaletea picha ya mraba ya twiga kwenye hadibodi, akiapa kwamba ni ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, na bei yake ilifanana na kiapo. Tingatinga alianza kuchora karibu 1968 na akafa 1972, kwa hiyo kazi za mkono wake ni chache mno na kila moja inastahili kuja na historia ya ilikopita. Hii haikuwa nayo. Waliikataa, wakaenda Oysterbay kwa wachoraji wa sasa wanaoendeleza kazi hiyo, wakanunua mpya ndogo, ya samaki, kutoka kwa aliyeichora. Rangi zake kali za mafuta, zilezile zilizoanza kwa kupakia baiskeli, zinakaa sawasawa na haradali na mninga.

Redio ilimsumbua kila mtu. Mume alitaka kuiwasha hapohapo, nikamzuia: redio ya valvu iliyokaa miaka bila umeme kapasita zake huwa zimeoza, inaweza kuungua, na nyingine za aina hiyo hazina transfoma, hivyo bati lake la ndani linaweza kuwa na umeme. Fundi redio wa Kariakoo alihakikisha kwanza transfoma ipo, akabadilisha kapasita na waya wa ukutani, akaongeza kitundu cha kuchomekea simu bila kung'oa kitu cha asili. Kuna wanaotoa matumbo yote wakaweka spika ya kisasa ndani ya sanduku tupu. Siwaungi mkono hata kidogo, kwa sababu kinachobaki ni sanduku.

Shokesi ilichukuliwa na fundi wa Keko kama sehemu ya malipo yake, na mvule wake aliukata rafu mbili ambazo zimefungwa chumba cha mtoto. Mama alipoziona aliuliza mbao imetoka wapi, akaambiwa, akasema afadhali.

Kazi iliyobaki ni jikoni. Ukingo wa meza ya fomaika umeng'oka upande mmoja na maji yanaingia kwenye mbao ya chini. Mke anataka ubandikwe mara moja. Nimemwambia asubiri hadi Julai, kusi ikiwa imekausha hewa, kwa sababu gundi ikifungwa juu ya mbao yenye unyevu itaachia tena kabla mwaka haujaisha. Kwa sasa amefunga ukingo kwa utepe wa karatasi unaonata, na mama amemwagiza asikatie nyanya upande ule.